Kona ya Fundi Mitambo: Mziki wa Uwanjani Unazimwa Saa Ngapi?

Haya wadau wa kusini, mambo vipi. Mwezi huu barua na meseji zilizoingia kwenye kona yetu nyingi zimeangukia sehemu moja tu, mziki wa spika uwanjani, sijui ni hizi ligi za mtaa zimeanza au ni vile korosho zimeanza kuuzwa na kila kijiji kina kombe lake, ila mada hii naipenda na nina maneno nayo mengi, kwaiyo leo tunaenda nayo mwanzo mwisho. Maswali ya amplifaya kuungua na redio za gari nimeyaweka pembeni, yatatoka toleo lijalo, msijali.

Shikamoo fundi. Mi nipo Masasi, nasoma kidato cha nne. Kuna mechi nimeiona kwenye simu ya kaka yangu, ni raga ya Uingereza, jamaa akifunga tu mziki unalipuka uwanja mzima, watu wanaruka, alafu ghafla kimyaa kama umeme umekatika. Baadae refa akasimama kusubiri majibu ya video, mziki ukarudi tena. Naomba kujua, kuna mtu anaamua au dijei anajizimia tu? Na kwanini kwetu uwanja wa Nangwanda hatufanyi hivyo?

Marahaba mdogo wangu. Kwanza hongera kwa kusikiliza, maana wengi wakiangalia mechi wanaangalia tu, masikio wameyaacha nyumbani.

Kwa maelezo yako nahisi uliyoona ni ile raga inayoitwa rugby league, ya wachezaji 13 kila upande, sio ile nyingine ya 15 inayochezwa Kombe la Dunia ambalo Afrika Kusini wamelibeba mara nne. Hizi mbili zilikuwa mchezo mmoja mpaka mwaka 1895, klabu za kaskazini mwa Uingereza zikakaa hotelini kwenye mji wa Huddersfield zikajitenga, na ugomvi ulikuwa hela: wachezaji wa huko walikuwa watu wa migodini na viwandani, Jumamosi wakienda kucheza wanakosa posho ya siku, wakataka klabu ziwalipe, wakubwa wa kusini wakagoma. Ndo ikazaliwa raga ya wafanyakazi, na mpaka leo ngome yake ni miji kama Wigan, Leeds, St Helens, Hull, Warrington. Nje ya hapo iko Australia kwa nguvu sana, na Papua New Guinea ndo mchezo wa taifa kabisa.

Sasa mziki. Ili uelewe dijei anafanya nini lazima ujue mchezo wenyewe unapumua wapi. Timu yenye mpira inakabwa mara sita, ikikabwa ya sita mpira unaenda kwa wenzao, kwaiyo muda mwingi mpira upo hai, mtu anadondoshwa anainuka anautupa nyuma kwa mguu safari inaendelea, hapo hakuna nafasi ya wimbo hata sekunde kumi. Lakini mtu akigusisha mpira chini nyuma ya mstari, yaani trai, wanapata pointi 4 na kinachofuata ni mkwaju wa nyongeza wa pointi 2. Hapo mchezo unasimama. Wachezaji wanakumbatiana, walinzi wanarudi chini ya milingoti wameinamisha vichwa, mpigaji anautengeneza mpira kwenye kishikio chake, anarudi nyuma hatua zake, anaangalia milingoti. Kipande hicho chote ndo cha dijei. Mziki unalipuka mpira ulipogusa chini na refa ameonyesha, na kwenye viwanja vingi mpigaji akishajipanga sauti inashuka. Ndo ule ukimya uliousikia.

Video nayo ni pumzi nyingine. Refa wa video aliingia kwenye ligi yao kubwa, Super League, toka inaanza 1996, na wakati yule bwana anarudisha picha mbele nyuma kuangalia kama kidole kiligusa au hakikugusa, watu maelfu wamesimama hawana la kufanya, ukiacha kimya wanaanza kuzomea, kwaiyo spika zinawashika mkono.

Na huo mwaka 1996 ndo mwaka wenyewe wa mziki. Zamani raga hii ilichezwa kipindi cha baridi, tope mpaka magotini. Ikaja hela ya televisheni ya kampuni ya Rupert Murdoch, msimu ukahamishiwa kiangazi, mechi ya kwanza kabisa ikapigwa Paris mwezi wa tatu, klabu zikaanza kujiita majina ya wanyama, faru, fahali, mbwa mwitu. Bradford wakajiita Bulls, na kwenye lile bakuli lao kubwa la Odsal walikuwa mbele ya wenzao wengi kuifanya siku ya mechi iwe shughuli ya familia nzima, mziki, wachezaji wa madoido, midoli mikubwa inayotembea, watoto wamepakwa rangi usoni. Wapo waliosema raga inageuzwa sarakasi, ila kina mama na watoto wakaanza kuonekana zaidi majukwaani.

Anaeamua sasa. Kwenye viwanja vikubwa dijei hayuko peke yake, kuna mtu anasimamia tukio zima, anakaa sehemu anaona uwanja wote, ana waya masikioni anaongea na mtu wa mziki, mtangazaji na mtu wa skrini. Dijei mwenyewe ni kidole tu. Na huyo ndo anaekosekana kwetu, tuna kidole bila jicho.

Nangwanda kwanini hatufanyi? Mpira wa miguu hauna mkwaju wa nyongeza, goli likiingia wanarudi kati wanaanza, muda ni mfupi. Inawezekana lakini, Ujerumani klabu nyingi zina wimbo wao wa goli, ukiingia wavuni unasikika kidogo unakatwa. Ila kwetu goli likiingia kuna watu tayari wanaifanya hiyo kazi, nakuja kulisema kwenye barua inayofuata maana mzee wangu kaniuliza kwa uchungu.

Mwanangu fundi, habari za kazi. Mimi mkazi wa Mikindani, umri umeenda. Sisi tuna vijana wetu wa ngoma, timu yetu ikicheza tunatoka nao, ngoma mbili tatu na kinamama wa vigelegele. Kwenye bonanza la juzi kati kijana wa mziki kafungulia spika toka mpira unaanza mpaka unaisha. Ngoma hazisikiki, vigelegele havisikiki, vijana wakaishia kukalia ngoma zao. Kumuuliza anasema Ulaya ndo wanavyofanya. Ni kweli?

Shikamoo mzee wangu. Sio kweli, na huyo kijana mwambie nimesema mimi.

Kwenye raga ninayoizungumzia hapo juu, ambayo ni moja ya michezo inayotumia spika sana huko kwao, mpira ukiwa hai spika zinaachia uwanja. Wapo wanaoruhusu mziki mchezo ukiendelea, kikapu cha Marekani NBA ni hivyo, mtu anadunda mpira na mdundo unapigwa, lakini ule ni ukumbi wa ndani wenye mapumziko kibao na umejengwa kwa mtindo huo. Kriketi ile fupi ya ova 20 iliyoanza Uingereza 2003 nayo ina mziki mwingi, ila nao wanaupiga mtu akitoka au mpira ukivuka kamba. Kwaiyo hoja ya Ulaya haina miguu.

Alafu mzee, hata huko kwenye spika za mamilioni, vitu ambavyo watu wanavikumbuka havikutoka kwenye spika. Chukua mji wa Hull, mji wa bandari na wavuvi kama huku kwetu. Una timu mbili za raga hazipikiki chungu kimoja. Hull FC, mashabiki wao wanaimba wimbo wa zamani wa kikauboi kuhusu farasi, eti farasi, mji wa samaki, na hakuna anaeona ajabu kwasababu babu aliuimba na baba aliuimba. Upande wa mashariki wa mto Hull kuna Hull KR, wao wana wimbo wa ndege mwekundu kwasababu jezi yao ina rangi nyekundu. Dijei hana mkono hapo. Watu wanaanza wenyewe, jukwaa moja linadaka, la pili linajibu.

Au fainali ya Challenge Cup, kombe la mtoano la raga hiyo huko Uingereza. Toka fainali hiyo ilipopelekwa Wembley mara ya kwanza mwaka 1929, kabla ya mpira kuanza unaimbwa wimbo wa kanisani, ule wa kumuomba Mungu akae nasi usiku unapoingia, makanisa yetu huku nayo yanauimba kwa Kiswahili, mzee najua kama hujauimba umeusikia kwenye misiba. Hapo spika ina kazi ya kuongoza tu, ila wimbo ni wa watu.

Na kuna moja naipenda zaidi, Kombe la Dunia la raga hiyo, Novemba 2017, nusu fainali, Tonga na England, pale Auckland New Zealand. Tonga ni visiwa vidogo watu wake hawajazi hata wilaya zetu kadhaa za huku, lakini siku ile uwanja uligeuka mwekundu, watu wanaimba nyimbo za dini kwa sauti za kwaya, sauti ya juu sauti ya chini, timu iko nyuma 20 kwa bila zimebaki dakika chache. Wakarudi mpaka 18. Walifungwa 20 kwa 18 na wakabaki wanaimba. Nimeangalia hiyo video nimevaa hedifoni na nakwambia hakuna spika duniani inaweza kutengeneza kitu kile, na kama pale kungekuwa na mtu kafungulia mziki juu yao angekuwa amewaibia.

Ndo ninachokisema mzee. Ngoma zenu na hao kinamama ndo sauti ya uwanja wenyewe, wanaona mpira, wakiona timu inashambulia ngoma inakaza, ikipoteza mpira inalegea, spika haioni chochote. Mmakonde anaepiga ngoma ya sindimba anamwangalia mchezaji miguu, hapigi tu kwasababu ana ngoma, na vijana wenu wanafanya kitu hicho hicho kwa mpira. Mimi ni mtu wa spika, naishi kwa spika, ila ningekuwa mratibu wa hilo bonanza ningemuweka kijana wa mziki akae na vijana wa ngoma kabla ya mechi wagawane muda: kabla ya mpira na mapumziko ni yake, mpira ukianza ni wao, goli likiingia ni wao kwanza.

Nendeni mkakae na waratibu mapema, msisubiri siku ya mechi maana siku ya mechi kila mtu ana presha. Na mkitaka niandike barua nitaandika.

Fundi mambo. Nipo Ruangwa, nakodisha mziki kwenye mechi na mikutano. Nina honi nne na sabufa mbili, mixa ya chaneli nane, jenereta. Naziweka zote kona moja karibu na mixa. Shida wanaokaa upande wa pili wanalalamika mtangazaji hasikiki anaongea nini, wanasikia mlio tu, na wa upande wangu wanasema naziba masikio. Nikajaribu kuweka honi mbili kule mbili huku, ikawa mbaya zaidi, maneno yanajirudia. Nifanyeje?

Poa kaka. Karibu mafundi wote tunapita hapo, na watu wa Ruangwa toka Namungo ipande ligi kuu 2019 na kwenda mpaka kombe la shirikisho la Afrika mmezoea kusikia vitu vizuri, kwaiyo hawatakuonea huruma.

Tatizo la kwanza ni umbali. Nje kwenye eneo la wazi, ukienda mbali mara mbili sauti inapungua kama desibeli 6, desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Mtu aliye mita 5 na mtu aliye mita 80, hapo katikati umbali umejirudufu mara nne, tofauti yao ni desibeli 24, huyu unamuua huyu hakusikii. Kuongeza volyumu hakupunguzi hiyo tofauti hata kidogo, wote wanapanda pamoja.

Tatizo la pili ni muda. Sauti kwenye joto letu inatembea karibu mita 350 kwa sekunde. Uwanja wa mita 105, honi ya huku inamfikia mtu wa kule imechelewa kama theluthi moja ya sekunde, wakati honi iliyo karibu yake imeshasema. Sikio likipata neno lile lile mara mbili na pengo likizidi kama sehemu moja ya ishirini ya sekunde, ambayo ni mita 17 hivi za mwendo, linaanza kusikia vitu viwili, ndo hayo maneno yanayojirudia. Mziki unavumilia maana mdundo unajificha, lakini maneno hayavumilii.

Kwaiyo badala ya chache zenye nguvu, weka nyingi zenye nguvu ndogo, zipandishe juu ya nguzo kama mita 4 au 5, ziinamishe ziwaangalie watu, na kila honi ihudumie watu wa mbele yake tu, isimulike upande wa pili wa uwanja. Hapa wengi wanakosea, honi inatazama mbele kama taa ya gari, sauti inapita juu ya vichwa inaenda kupiga ukuta wa jukwaa inarudi. Inamisha. Ukisimama chini yake ukainua macho uone mdomo wa honi unakuangalia wewe.

Waya mrefu unakula nguvu, kwaiyo kama unataka kuzunguka uwanja tafuta amplifaya yenye laini ya volti 100 na honi zenye transfoma yake, ndo zinazotumika misikitini na stesheni, waya mwembamba unaenda mbali bila kupoteza sana. Sabufa ziache kwa mziki wa mapumziko. Mtangazaji akiongea, kata besi yote kwenye chaneli ya maiki, chini ya hezi 150 hakuna neno lolote la binadamu linalopotea la maana, kuna ngurumo na upepo tu. Vaa maiki sponji. Na mwambie mtangazaji aongee polepole, sentensi fupi, apumzike, asiseme jina la mfungaji huku akicheka.

Jenereta weka nyuma ya jukwaa upande upepo unakoelekea, ili mlio wake uchukuliwe uende nje.

Fundi, kuna mtu kijiweni hapa Lindi, Rahaleo, anabisha eti Tina Turner aliwahi kuwa sura ya raga. Sisi tunasema uongo.

Mlipeni, ni kweli. Ligi ya raga ya Sydney ilimchukua kwenye matangazo yake kuanzia 1989, mwaka uliofuata wakatumia ule wimbo wake mkubwa wa kumsifia mtu kwamba ni bora kuliko wote, na fainali ya 1993 akaimba pale uwanjani mwenyewe. Wachezaji walikuwa wanarekodiwa wanabeba magogo na kukimbia ufukweni, yeye katikati. Alipofariki Mei 2023 watu wa raga wa Australia waliomboleza kama wamefiwa na mchezaji.

Mwanangu, mimi nauza karanga, maji na mihogo ya kukaanga uwanjani, siku ya mechi nakaa sehemu ile ile karibu na spika maana ndo watu wanapopita. Nikirudi nyumbani masikio yanapiga yowe mpaka asubuhi. Nimeambiwa ni kawaida. Naomba ushauri.

Shikamoo mama. Sio kawaida mama yangu, na usimsikilize anaekwambia hivyo. Ule mlio ni sikio linalalamika. Ndani kuna vinywele vidogo sana vinavyopokea sauti, vikilala kwa kelele vinaweza kuinuka tena, ila vikifa havioti tena na hakuna dawa ya kuviotesha.

Shirika la Afya Duniani lina hesabu yake: sauti ya desibeli 80 sikio linaweza kuivumilia saa 40 kwa wiki, ikifika 90 ni saa 4, ikifika 100 ni dakika 20 tu wiki nzima. Mwaka 2022 wakatoa mwongozo wa kumbi na matamasha wakasema wastani usizidi desibeli 100 kwenye dakika 15 zozote. Sasa mbele ya rundo la spika za kwetu 100 inafika bila shida na wewe unakaa mechi nzima.

Cha kufanya, sogea. Kama uko mita 2 nenda mita 8, sauti inapungua kama desibeli 12, na dakika 20 zako zinakuwa zaidi ya saa 5. Ni hatua kama nane tu, wateja hawatakupotea. Usikae mbele ya mdomo wa spika, kaa ubavuni au nyuma. Kama una mtoto mgongoni usimlete kabisa upande huo. Famasi nyingi zinauza vile vizibo vya masikio vya sponji, bei ndogo, unavikunja unaviingiza, bado utamsikia mteja. Pamba usitegemee, haizuii. Na kama mlio umeendelea siku mbili tatu au unasikia watu kwa shida, nenda pale Ligula, hospitali ya mkoa wa Mtwara, wakupime, usingoje uzoee.

Na nyie wenye spika, mnaona huyu mama? Wekeni kamba mita kadhaa mbele ya spika mtu asikae.

Kaka, tukipiga nyimbo za wasanii kwenye mechi zetu za kiingilio inabidi tulipie? Tupo Nachingwea.

Ndio. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inataka anaepiga kazi ya mtu hadharani awe na ruhusa, na mechi ya kiingilio ni hadharani. Anzieni COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, au ulizeni kwa afisa utamaduni wa wilaya atawaelekeza utaratibu na ada ya sasa. Kununua wimbo kwenye simu au kuuweka kwenye flashi hakukupi ruhusa ya kuupiga kwa watu elfu. Uingereza klabu za raga nazo zinalipa leseni ya mziki kama baa na saluni tu. Mkiwa na bendi ya matarumbeta au kikundi cha ngoma cha hapo hapo kinachopiga nyimbo zake, mlipeni chenyewe, hela inabaki wilayani.

Habari fundi, mimi ni mwalimu wa michezo Newala, mwanamke, nimepewa jukumu la mziki na matangazo kwenye mashindano ya shule, netiboli, mpira na riadha kwa pamoja. Vifaa tunakodi. Sijawahi kufanya. Naomba unipangie siku inavyokwenda.

Nzuri mwalimu, na hongera maana hiyo kazi kwa kawaida wanapewa wanaume wenye kelele.

Kabla ya chochote, jua spika uwanjani kazi yake ya kwanza ni usalama. Uingereza mwaka 1971 watu 66 walikufa kwenye msongamano wa ngazi pale uwanja wa Ibrox, Scotland, na miaka miwili baadae serikali ikatoa mwongozo wa usalama wa viwanja, na ndani yake kuna habari ya kuweza kuongea na watu wote waliomo uwanjani. Mziki kwenye hivyo vyombo ni mgeni. Kwaiyo asubuhi kabla hujapiga wimbo hata mmoja, tembea uwanja mzima mwenzio akiongea kwenye maiki, nenda vyooni, nenda chini ya miembe wanapokaa wazazi, nenda kwenye foleni ya chakula, hakikisha kila sehemu unaelewa neno. Alafu kubaliana na huyo mtu wa mitambo ishara moja ya mkono ya kukata mziki papo hapo, ukiinua mkono anakata, haulizi.

Watoto wakiwa wanaingia piga nyimbo, za furaha, zisizo na matusi, zisikilize zote mpaka mwisho usiku wa kuamkia maana kuna zingine matusi yapo ubeti wa tatu. Timu zikipanga mstari shusha taratibu, sio kukata. Mchezo ukianza, kimya. Hapa usikubali kushawishiwa, watakuja watu na flashi zao, mheshimiwa fulani anataka wimbo wake, mwambie mapumziko. Netiboli ina robo nne, mpira una mapumziko moja, riadha kila mbio ina pumzi yake kabla ya inayofuata, kwaiyo nafasi unayo tele, mziki wa riadha uzimwe kabla starta hajasema kaeni kwenye alama zenu, watoto wanatakiwa wasikie ile sauti na mlio wa kuanzia.

Goli likiingia wape watoto wa shule husika kwanza, watapiga kelele zao na ndoo zao, wakipungua tia kipande cha wimbo kama sekunde kumi na tano, toa. Ukiweza kila shule ichague wimbo wake kabla, utaona wanavyousubiri.

Matangazo yapite kwa mtu mmoja, wewe, kila anaetaka kutangaza aandike kwenye karatasi akuletee. Mtoto amepotea au amezimia, unakata chochote kinachopigwa hata kama ni katikati ya kiitikio, unatangaza mara mbili, unanyamaza sekunde chache watu wasikilizane, unarudia mara ya tatu. Jina la mtoto usiseme kama wazazi hawajapatikana, sema nguo aliyovaa na aletwe mezani kwako, na awepo mwalimu wa kike amekaa hapo mezani muda wote. Betri za maiki nunua mpya jozi mbili, za jana usizitumie, na waya wa jenereta uwekewe mtu wa kuangalia watoto wasiuruke.